Oili Juu ya Mstari

Ukimpa ufunguo, wowote ule, wa nyumba, wa kufuli la baiskeli, hata wa lile kabati la vyombo la mama yake ambalo halikuwahi kufungwa tangu liingie nyumbani, kwanza aliupitisha chini ya kidole gumba. Taratibu, kutoka shinani mpaka nchani, kama mtu anayehesabu meno ya mtoto. Ndipo autie tunduni. Hata walipomlaza hospitali mara ya mwisho, muuguzi alipomkabidhi ufunguo wa kikabati cha kando ya kitanda, kidole gumba kilitangulia.

"Jino la tatu limelika, dada," alimwambia. "Utakukatikia humo ndani kabla ya mwaka kuisha."

Muuguzi alicheka. Alidhani ni maneno ya homa.

Mtaa mzima ulimwita Funguo, na mwishowe hata mama yake alichoka kushindana na mtaa, akamwita hivyo hivyo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na ngazi za benki. Kilikuwa na urefu wa hatua mbili, na upana ambao mtu akipiga chafya ukuta wa pili unaisikia. Mlikuwa na mashine ya kuchongea, ubao wa misumari uliotundikwa funguo ambazo bado hazijachongwa, tupa saba zilizopangwa kwa ukubwa, na kiti kisicho na mgongo. Baba yake alikikalia kiti hicho mpaka siku moyo wake uliposimama. Wiki mbili baada ya maziko, Funguo, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye barua ya kukubaliwa chuo cha ufundi, alikwenda kufungua kibanda ili wateja wasizoee kwenda kwingine. Barua aliikunja mara nne akaisukumiza chini ya mashine, maana mguu mmoja wa mashine ulikuwa mfupi.

"Mmoja asome," alimwambia mama yake.

Mmoja huyo alikuwa mdogo wake, binti wa miaka kumi na tano. Zamu yake ilipofika akaingia chuo kile kile alichokiacha kaka yake, akasomea injini, na karo yake ilitoka kwenye vumbi la shaba la kile kibanda. Hakuna aliyelitaja jambo hilo nyumbani. Lilikuwa linakaa nao tu kila walipoketi kula, kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku ya mahafali Funguo alimpa mdogo wake jina. "Mimi Funguo, wewe Spana. Mama, nyumba yako sasa ni sanduku la vifaa."

Spana alipata kazi kwenye karakana ya duka kubwa la pikipiki. Alivaa ovaroli ya bluu, nywele amezisukuma ndani ya kofia, na kila wiki hakukosekana mteja wa kuchungulia nyuma yake na kuuliza fundi yuko wapi.

"Ndiye mimi."

"Namaanisha fundi mwenyewe."

"Mwenyewe ameenda kununua ndevu. Lete ufunguo."

Alikuwa fundi wa kitabu. Kila kitu alikifanya kama kilivyoandikwa, kwa sababu alijua kilichotolewa ili yeye akisome. Kila bolti aliyoikaza kwa spana ya kipimo aliitia nukta ya rangi nyeupe, kama walivyofundishwa chuoni, ili fundi ajaye ajue kwamba hapa pamekwisha kufanyiwa kazi. Kichupa cha rangi hiyo kilikaa mfukoni mwake kifuani, mahali ambapo wengine huweka kalamu. Wenzake kazini walizijua nukta zake kuliko saini yake.

Ikatokea siku moja karakana ikaletewa pikipiki ya mbio, silinda nne, imegongwa mbele mpaka mwenyewe hakutaka kuiona tena. Spana aliichukua chuma kimoja kimoja. Miaka miwili ya Jumapili alikaa nayo kwenye banda la uani, akainyoosha, akaiunga, akafungua injini yote na kuifunga upya. Siku Funguo alipotimiza miaka thelathini na minne alimwita uani, akavuta turubai.

Funguo alizunguka ile pikipiki mara tatu bila kuigusa. Kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo, akaupitisha chini ya kidole gumba.

"Injini ni yangu," Spana alisema, maana alihisi machozi na hakuyataka. "Mengine yote yako. Ukisikia chochote kinachonong'ona humo ndani, usikiguse, niite."

"Haki ya Mungu siigusi."

Na hakuigusa. Mnyororo aliusafisha mwenyewe, matairi aliyapima upepo mwenyewe, lakini oili ya injini hata kuitazama alimwita mdogo wake aje aitazame. Pikipiki ile ndiyo ilikuwa shukrani ya Spana, na yeye aliipokea hivyo. Hakuna aliyesema neno asante.

*

Mwaka ule kituo kipya cha mafuta kilipofunguliwa, walialikwa vijana watatu wa kuchezea pikipiki. Mkubwa wao aliitwa Kapteni, kijana mwembamba wa miaka ishirini na sita mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake. Walipita mbele ya watu wakiwa wamesimamisha pikipiki kwa gurudumu la nyuma, la mbele likielea hewani, wanapunga mikono kama wako sebuleni kwao.

Jioni hiyo Funguo aliacha kula katikati. Halafu akasema, "Spana, umewahi kuona pikipiki inatembea kama mtu?"

"Nimewahi kuziona zikiletwa kwangu baada ya kutembea hivyo."

Alicheka. Lakini Jumapili iliyofuata alianza kuamka mapema.

Mahali pa kujifunzia palikuwa uwanja wa lami wa kiwanda cha karatasi kilichofungwa, ulionyooka kutoka lango la malori mpaka kwenye mizani yao. Funguo alikuwa na umri wa kuweza kuitwa mjomba na wote waliokuwepo, na waliitumia nafasi hiyo vizuri. Siku za kwanza gurudumu lake la mbele lilinyanyuka urefu wa kiganja, likatua.

"Mjomba, hilo limeinuka au tairi limevimba?"

"Mwacheni, anaruka tuta. Tatizo tuta halipo."

Aliporudi nyumbani alimweleza mama yake, kwa kuwa kwa mdogo wake alikuwa bado anaona haya. Alisema ni kitu kidogo sana ukikisikia kwa maneno. Unakwenda mwendo wa mtu anayekimbia, gia ya kwanza. Vidole viwili vinaivuta klachi nusu, mkono wa kulia unaiamsha injini, vidole vinaachia. Mbele inapaa. Hapo mwili wote unakuambia funga mafuta, teremka, una wazimu. Na ukiusikiliza, gurudumu linashuka kama mlango uliobamizwa. Kwa hiyo unajifunza kutousikiliza. Na mguu wa kulia lazima ulale juu ya breki ya nyuma, usikanyage na usiondoke, maana pikipiki ikizidi kulalia mgongo hakuna kingine cha kuirudisha. Wiki ya tano aliusahau mguu huo. Pikipiki ilimtoka mikononi kama mtoto aliyeoshwa sabuni, yeye akaburuzika kwa makalio mpaka kwenye majani, na suruali ikabaki viraka viwili vya mfukoni.

"Funguo umefungua!" walimpigia kelele. "Funga basi, kuna watoto!"

Hakuacha. Mwezi wa sita alikipata. Kuna mahali huko juu, alimwambia mama yake, pembamba kama unene wa sarafu, ambapo pikipiki haitaki kurudi mbele wala kuanguka nyuma. Vijana wanapaita sebuleni. Ukifika sebuleni huna uzito, huna kelele, unakaa tu.

"Ni kama kufuli, Mama. Pini ya mwisho inapokaa, mkono unaisikia kabla haijafunguka."

Spana alikuwa anapita na ndoo ya nguo. Aliyasikia yote. Akaiweka ndoo chini, akaenda bandani, akavuta turubai. Shoku zote mbili za mbele zilikuwa zimelowa oili, mihuri yake, zile pete za mpira zinazoizuia oili, imepasuka, kwa sababu kila gurudumu linapobamiza chini, hizo ndizo zinazolia.

"Hii umeiangusha kutoka wapi?" aliuliza. "Ghorofani?"

"Nilitaka kukwambia."

"Miaka miwili nimekaa humu nakuunganishia kitu cha kutembea kwa magurudumu mawili. Kama ulitaka moja ungesema, ningekununulia toroli."

"Spana, sikiliza..."

"Sisikilizi. Nawaungia pikipiki watu kama nyinyi kila siku, mbao kwenye miguu, wanakuja kuuliza kama pikipiki itapona."

Funguo alitazama mikono yake. Shaba ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja, haikutoka tena kwa sabuni yoyote. "Miaka kumi na sita nimekaa mahali ambapo nikinyoosha miguu nawazuia watu njia," alisema. "Sijawahi kulalamika. Nimelalamika?"

Hakuwa amelalamika, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Angelalamika hata mara moja, pengine wangelimaliza lile jambo.

"Basi wakutengenezee hao vijana wako," Spana alisema. "Mimi mkono wangu siutii tena humo."

Miezi miwili walizungumza habari za chumvi, maji na umeme. Pikipiki haikutajwa. Shoku walizitengeneza vijana. Vijana hao hao, ambao injini hawakusomea chuo chochote bali waliisomea kwenye lami, walimfundisha Funguo mengine mengi, na kwa mara ya kwanza alijifunza mambo ya injini ile ambayo mwenye injini hakuambiwa.

*

Habari ya majaribio Spana aliipata kwa mama yake. Kapteni na wenzake walikuwa wamepata safari ya mwaka mzima, mji hadi mji, na walihitaji mtu wa nne. Waliotaka walikuwa wawili: Funguo, na kijana mmoja msambaza mikate. Jumapili kila mmoja angetoka langoni mpaka kwenye mizani, kwenda na kurudi, mara tatu, gurudumu la mbele lisiguse chini isipokuwa kwa kugeuza.

"Akichukuliwa anafunga kibanda," mama alisema. "Amekwisha ongea na mwenye duka la viatu, anakitaka awe anaweka maboksi." Kisha akaongeza, akikwepa macho ya binti yake, "Sijamwona hivi tangu baba yenu alipokuwepo. Anaimba bafuni."

Jumamosi mchana Spana alitoka kazini saa sita. Funguo alikuwa kinyozini. Spana alisimama uani muda mrefu, akiwa bado na ovaroli. Alikuwa ameapa. Lakini aliwaza kwamba kesho kaka yake anakwenda kutafuta njia ya kutoka kwenye kile kiti, na kama kuna kitu kimoja duniani ambacho yeye alijua kumpa, kilikuwa chini ya lile turubai. Angekifanya kimya kimya. Asingemwambia. Funguo angejua mwenyewe kesho, kwa jinsi injini itakavyompokea, kwamba mdogo wake ameshuka kutoka kwenye hasira zake.

Alikaza mnyororo, akapima breki, akaiweka pikipiki wima, akachuchumaa mbele ya kidirisha cha oili, lile duara dogo la kioo ubavuni mwa injini lenye mistari miwili. Oili inatakiwa ikae kati ya mistari hiyo. Hii ilikuwa imeupita wa juu, imejaa kioo chote mpaka hakuonekana hewa.

Wajinga hawa, aliwaza. Wamejaza kama wanajaza pipa.

Alijua vizuri oili iliyozidi inafanya nini. Inapigwa na vyuma vinavyozunguka mpaka inatoa povu, inasukuma mihuri, inavuja. Ilikuwa kwenye kitabu, sura ya tatu, na kwenye mtihani. Akaleta beseni, akalegeza bolti ya chini, akaiachia oili itoke mpaka ikakaa pale pale inapotakiwa, katikati ya mistari miwili. Akaweka washa mpya, kile kipete cha bolti, akakaza kwa spana ya kipimo, akatia nukta nyeupe. Akafuta kila alama ya vidole vyake. Alipoingia ndani kunawa, mama yake alimuuliza mbona anatabasamu.

*

Alikwenda. Hakumwambia mtu. Alisimama nyuma ya tangi kuukuu la maji karibu na mizani, kitambaa amekivuta usoni.

Msambaza mikate alianza, akajitahidi, mara ya tatu gurudumu likamshukia katikati ya njia. Kisha ikaja zamu ya Funguo, na kwa mara ya kwanza Spana akamwona kaka yake akifanya kile alichokuwa anakikataa kwa miezi yote hiyo.

Alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, mgongo umenyooka. Pikipiki ilikuwa mbele yake kama mtu mnayecheza naye. Hapakuwa na haraka. Alipita karibu na tangi, na Spana aliona uso wake ndani ya kofia, na uso huo ulikuwa umepumzika. Hakuwahi kuuona umepumzika. Alielewa wakati huo kwamba alikuwa amekosea kuhusu toroli, na kwamba angemwambia hivyo jioni.

Kwenda na kurudi, moja. Kwenda na kurudi, mbili. Vijana walikuwa wanapiga makofi, wameacha utani. Mara ya tatu alipotoka langoni, Spana alisikia kitu.

Hakuna mwingine aliyekisikia. Ilikuwa ni kugonga kidogo chini ya mlio, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu. Injini ilikuwa haina oili, na Spana alijua kwamba oili ipo, aliiacha mwenyewe mahali pake. Pikipiki imesimama kwa gurudumu la nyuma, akili ikamwambia. Oili imerudi nyuma yote. Pampu iko mbele, inanyonya hewa. Alipiga kelele. Alitoka nyuma ya tangi akipunga mikono miwili, anaita jina la kaka yake, lile la shuleni.

Injini ikakamata, haizunguki tena. Gurudumu la nyuma likaganda papo hapo, na pikipiki ikashuka na kumtupa mbele kama gunia linavyotupwa kutoka kwenye lori. Goti la kulia lilipiga ukingo wa chuma wa mizani.

*

Kesho yake Kapteni alikuja wodini na kofia yake mkononi. Mama alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, Spana upande wa pili. Goti lilikuwa limefungwa, na daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba halitakunjika tena.

"Mjomba, pole sana," Kapteni alisema. "Lakini nieleze kitu kimoja maana sijalala. Injini imekauka. Sisi oili tunazidisha, lita nzima juu ya mstari, si nilikuonyesha? Pikipiki ikisimama oili inakimbilia nyuma, isipozidi pampu haipati kitu. Uliiweka?"

Funguo aligeuza kichwa kwenye mto akamtazama mdogo wake. Spana alikuwa anaitazama chupa ya dripu. Matone yalikuwa yanashuka moja moja, na aliyahesabu.

"Nilisahau," Funguo alisema.

"Ulisahau!"

"Nilisahau, Kapteni. Nilikuwa na mambo mengi kichwani."

Kapteni alijipiga kofi la paji la uso. Akakaa kidogo, akaaga. Nje ya mlango walimsikia akimwambia mwenzake, "Eti alisahau oili. Mtu mzima!"

Mama alitikisa kichwa. "Na nilikwambia, mwanangu, umri huu si wa mambo hayo." Kisha akamgeukia binti yake, akamshika mkono. "Ungekuwa umeishika wewe, haya yasingetokea."

Spana aliinuka akaenda dirishani.

Siku ya nne Funguo alimtuma mama yake chai, na si kwamba alikuwa anaitaka. Walipobaki wawili akasema, taratibu, "Spana. Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Jumamosi mnatoka saa sita."

"Kulikuwa na kazi imezidi."

Funguo alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Kazi yake ilikuwa hiyo, kusimamisha mkono na kusubiri kufuli liseme. Wodi ilikuwa na kelele za vitoroli vya vyombo. Spana alikuwa na sentensi yote mdomoni, tangu mwanzo hadi mwisho wake, na alikuwa anatafuta tu neno la kuanzia, mama yake akarudi na chai.

"Sawa," Funguo alisema.

*

Msambaza mikate ndiye aliyeondoka na Kapteni. Funguo alirudi kwenye kibanda, na kwa kuwa mguu haukunjiki, ilibidi autoe nje ya mlango, wateja wauruke. Utani ulimfuata. Waendesha pikipiki walipopita walipunguza mwendo wakaita, "Funguo, kufuli umelitia oili leo?" Naye alicheka na kuwaambia lita nzima. Miaka ikapita, na waliouliza hawakujua tena kisa chenyewe ni nini, walirithi tu swali.

Spana alimsikia mara nyingi akilijibu. Kila mara alijiambia leo jioni. Kila jioni palikuwa na kitu: mama ana presha, Funguo amechoka, Funguo ana furaha na si vizuri kumwondolea. Akawa anampelekea chakula kibandani, akampigia pasi mashati, akamnunulia kiti chenye mgongo. Alimtunza kama mtu anavyotunza kitu alichokiazima. Funguo alivipokea vyote kwa adabu, kama vya jirani.

Mwaka wa pili mama aliwaambia waiondoe ile pikipiki uani, inamtia uchungu. Spana akaenda kuifungua ili auze vipande vilivyo salama. Alilala chini yake chali, akaitafuta bolti ya oili.

Nukta nyeupe haikuwepo. Rangi ile haitoki kwa mvua wala petroli. Ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa nyembamba, mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja, safi, ya mtu mwenye mkono uliozoea. Ina maana alijiburuza mpaka bandani na magongo yake, akalala chini kwa mguu ule usiokunjika, akaikwangua, ili Kapteni au fundi mwingine yeyote akija kuangalia asije akaona kazi ya nani.

Spana alilala pale chini mpaka shingo ikaganda. Basi Funguo alijua. Na alijua kwamba siku moja mdogo wake ataifungua bolti hii, na ataona. Kwa hiyo sasa walijua wote wawili. Ungesema hapo ingekuwa rahisi. Lakini usiku huo walikula, wakazungumza habari za umeme, na ikawa ngumu zaidi, kwani sasa kunyamaza hakukuwa tena kwa yeye peke yake.

Mama alifariki mwaka wa tano akiamini kwamba mwanawe alisahau.

Mwaka wa saba ini la Funguo lilianza kumwisha. Hospitali walimweka kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Spana aliomba likizo, akawa anakaa naye tangu saa za kuona wagonjwa zinapofunguliwa mpaka wanapofukuzwa. Alimkata kucha. Alimsomea magazeti. Alhamisi moja, saa kumi za jioni, jua likiwa limeingia mpaka kwenye shuka, alimaliza ukurasa wa michezo, akalikunja gazeti, akasema akiwa bado analitazama.

"Ile oili niliimwaga mimi."

Funguo alikuwa amefumba macho.

"Jumamosi ile. Ulikuwa kinyozini. Nilitaka kukusaidia, nikaona imezidi, nikaipunguza mpaka kwenye mstari. Sikujua. Kaka, wallahi sikujua. Na ulipouliza nikasema nilikuwa kazini." Akalikunja tena lile gazeti. "Sijui kwa nini nilisema hivyo."

Alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa miaka saba kwa ajili ya hasira, na kwa miaka mitano hivi kwa ajili ya msamaha. Funguo alifumbua macho akamtazama, bila ukali, kama unavyomtazama mtu aliyefika stendi gari limekwisha ondoka zamani, na mizigo yake yote mikononi. Kesho yake asubuhi alikuwa hasemi tena, na Jumamosi alikuwa hayupo. Lakini Alhamisi ile sauti bado alikuwa nayo, ndogo, lakini inasikika vizuri.

"Ungeniambia wiki ile ile," alisema, "tungecheka."